Wambui lilipita, Nekesa limekwama: majina ya watoto na dharau zetu Nakuru na magharibi

Binti wa Kimilili

Wadau, hamjambo. Hapa Nakuru kuna majina ya kikwetu yanayokaribishwa sebuleni, na kuna mengine yanayotakiwa yabaki jikoni. Nasema hivi nikiwa nimebakisha wiki chache nijifungue, na jina la mtoto ninalo tayari. Watu wazima wenye akili zao wamenisihi nilitupe.

Mimi ni Mbukusu, yaani Mluhya wa magharibi, nimeolewa na Mkikuyu wa upande wa Bahati. Kifungua mimba wetu ni msichana, na kwa desturi ya kina baba watoto, binti wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba. Akaitwa Wambui. Hakuna aliyeguna. Hata majirani wetu wa Kiamunyi, wale ambao watoto wao ni akina Liam na Ethan, walisema ni jina tamu na lina mizizi. Sasa huyu anayekuja ni msichana tena. Kwa desturi ileile, binti wa pili huitwa nyanya mzaa mama. Mama yangu ni Nekesa, alizaliwa wakati wa mavuno. Mama mkwe, ambaye ndiye mwenye desturi, amesema mambo yatakuwa hivyo na hakuna mjadala.

Kelele zimetoka kwa wifi yangu. Alinivuta kando akaniambia, "Usimpe mtoto jina la mboch." Yaani jina la mfanyakazi wa nyumbani. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeniokoa. Shuleni watamcheka, watamwigizia lafudhi ya Mluhya wa kwenye vichekesho vya runinga. Mwite Nicole. Na kama ni lazima liwe la Kiafrika, basi Zuri au Imani. Mwenzangu wa kwaya akanieleza hilohilo kwa maneno laini zaidi. Jirani naye. Mume wangu yuko upande wangu, lakini naona ameanza kuchoka kubishana na dada yake.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Wambui na Nekesa ni majina ya daraja moja. Yote ni ya nyanya, yote yametoka shambani, na yote yalikuwepo kabla mji huu haujapata reli. Kilichoyatenganisha ni kwamba katika nyumba za wenye pesa, Nakuru na Nairobi, kwa miaka na miaka Nekesa, Nafula na Nanjala ndio wamekuwa wakifua na kulea, na Wafula amekuwa langoni na rungu. Watu wamelisikia jina likiitwa kutoka jikoni tu, wakaamini huko ndiko kwao. Robert Wangila alipoleta dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, jina lake lilikuwa la mtoto aliyezaliwa njiani, na Wakenya wote walilitamka kwa fahari. Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alipokuwa akisoma matokeo ya urais mwaka 2017 na 2022, hakuna aliyesema hilo ni jina la mlinzi. Nchi nzima ilimtegea sikio.

Na hata tukikubali kwamba ni majina ya wafanyakazi wa nyumbani, wamekosa nini? Mwanamke anaamka alfajiri kukupikia uji, anamwogesha mtoto wako, anamshika homa ikimpanda usiku ukiwa safarini. Mikono yake inafaa kumbeba mtoto, ila jina lake halifai kumkaa mtoto huyohuyo? Hili linaniuma kuliko yote niliyoambiwa.

Siombi ushauri wa kubadilisha jina. Nataka kujua wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Molo na kwingineko mmekutana na haya vipi.

Kijana wa Kaptembwo

Dada, hongera mapema. Nitakupinga kidogo, na nakuomba unisome hadi mwisho.

Nilikuwa mtoto hapa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi. Wakati ule ukisimamishwa barabarani ulidaiwa kitambulisho, na aliyekishika hakuangalia picha. Alisoma jina la mwisho. Baba alitutoa nyumbani usiku, tukaenda kulala kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na familia nyingi nyingine. Dada yangu mdogo alizaliwa mwaka uliofuata. Aliandikwa majina mawili ya kizungu, basi. Jina la ukoo halikuwekwa. Mama alisema anataka awe na mtoto mmoja ambaye jina lake halitamwambia mtu yeyote kitu.

Kwa hiyo ukikutana na mtoto wa Nakuru anayeitwa Ryan Prince, usikimbilie kusema wazazi wake wamejikana au wana ushamba. Wako waliochagua hivyo kwa urembo. Wako waliochagua kwa hofu, na hofu hiyo walikuwa na haki nayo. Hapa mjini tumechanganyikana, Kaptembwo nyumba kumi zinaweza kuwa na makabila sita. Jina lisilo na kwao lilionekana kama kinga.

Sikwambii usimwite Nekesa. Nakuomba tu usiwaweke wote kwenye kapu la wifi yako.

Binti wa Kimilili

Kaka, pole sana kwa mliyoyapitia. Hakuna wa kumlaumu mama yako, na mimi nitakuwa wa mwisho kufanya hivyo.

Lakini wifi yangu hasemi kwa hofu ya 2008. Angekuwa na hofu hiyo, angekataza na Wambui pia, kwa sababu Wambui linataja kabila waziwazi kama Nekesa. Hakulikataza. Alilishangilia, akanunua na keki. Hapo ndipo ninapojua tunazungumzia cheo.

Mwalimu wa Chekechea, Kisumu

Mama Wambui, karibu Kisumu uone mambo.

Nimefundisha shule ya karo ya juu upande wa Milimani, na sasa niko shule ya umma Nyalenda. Kati ya mitaa hiyo ni kuvuka barabara tu. Rejista zake sasa. Kule Milimani nilikuwa na Achieng, Akinyi, Hawi, Hera, na akina Zuri kadhaa. Huku Nyalenda nina Shantel, Precious, Blessing, Jayden, Brayden, Trevor. Ukisoma orodha bila kujua shule, utadhani Milimani ni kijijini Siaya na Nyalenda ni ughaibuni.

Wazazi wa watoto hawa walipokuwa wadogo, mambo yalikuwa kinyume. Mtoto wa daktari ndiye alikuwa Sharon, na mtoto wa mvuvi wa Dunga ndiye alikuwa Akinyi. Mvuvi akajinyima, akamwita mjukuu Sharon. Alipofika hapo akakuta mwenye nyumba kubwa ameshahama, amerudi kuchukua Akinyi lilelile alilokuwa akilicheka, amelitundika ukutani kama kinyago cha duka la watalii. Mwenye nacho akilitumia jina la kijijini anasifiwa kwa kuijua asili. Asiye nacho akilitumia anaambiwa hajastaarabika. Akitumia la kizungu anaambiwa anajifanya. Hana njia.

Nimekaa kwenye vyumba vya walimu ambako Januari orodha mpya zikiletwa, watu wanazisoma kwa sauti na kukisia mtaa wa mtoto. Wanacheka. Mtoto mwenye jina la kutungwa, lenye herufi nyingi, anakuwa ameshawekwa fungu lake kabla hajashika kalamu. Nimeliona hili katika shule zaidi ya moja na nimegombana na wenzangu juu yake.

Kuna na la dani, yaani nyanya. Wengi wa dani zetu hawana sauti ya "sh" katika Kijaluo, kwa hiyo Sharon nyumbani ni Saron, Shantel ni Santel. Mtoto wa miaka mitano hajali. Akifika darasa la nne anaanza kumkataza dani asije kwenye siku ya wazazi.

Jambo moja zaidi kwa wifi yako. Lupita Nyong'o, binti wa gavana wetu hapa Kisumu, alizaliwa Mexico mwaka 1983 na akapewa jina la huko. Kule Lupita ni kifupi cha Guadalupe, ni jina la kila mtaa na kila soko. Alipopata Oscar mwaka 2014, hapa likawa jina la heshima, na nimewafundisha akina Lupita. Jina ni lilelile.

Jepkosgei wa Molo

Kwetu Kipchumba na Jepchumba ni mtoto aliyehusishwa na wazungu, na wengi walipewa kwa kuwa walizaliwa hospitalini. Kogo wangu, yaani nyanya, alikuwa akilitaja kwa majivuno, kwa sababu hospitali ilikuwa jambo la wachache. Leo kila mtoto anazaliwa hospitalini, na Jepchumba linaonekana la kizamani.

Faith Kipyegon, jirani yetu wa huko Keringet, jina lake la katikati ni Chepng'etich, mtoto wa saa ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni. Aliposhinda mita 1,500 Paris mwaka 2024, dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mbio hizo, hakuna mtu Molo aliyesema ni jina la ocha, la kijijini.

Jaduong' wa Ahero

Binti yangu wa Kimilili, na wewe mwalimu, nimewasoma. Nyinyi ni watoto wa juzi, niwaongezee ya zamani.

Sisi tulibatizwa enzi ambazo bila jina la mtakatifu au la Biblia hukupewa maji. Jina la nyumbani liliitwa la kipagani, mbele ya mama yako, na yeye akainamisha kichwa. Jaramogi Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah. Akayaacha, kisha akang'ang'ana na wamisheni wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Watu walimwona mkaidi. Ndiyo sababu leo mnasema Oburu na Raila bila kuongeza lolote mbele. Wangari Maathai naye, ambaye utotoni aliishi kwenye shamba la mlowezi hapo karibu na Nakuru ambako baba yake alifanya kazi, alikwenda Marekani kusoma akiitwa Mary Josephine, na akarudi akiwa Wangari. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi na paroko waepuke tu jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Hailazimishi jina la mtakatifu. Nekesa ukilipeleka kwa padri, hana la kukujibu isipokuwa kubatiza.

Sasa nije kwenye la kwetu ambalo Nairobi hulicheka. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliyopangwa na mwanasiasa wetu Tom Mboya ilichukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili wengine wasafiri. Ndio mwanzo wa akina Kennedy Otieno na Kennedy Ochieng mnaowaona, wengine sasa ni wazee wenye wajukuu. Mwaka 2008 Obama aliposhinda, wodi za Kisumu zikajaa akina Barack na Michelle. Julai 2015 alipokuja Kenya akiwa rais, wako waliowaita watoto AirForceOne, kwa jina la ndege yake. Watu wakacheka kwenye mitandao. Wajaluo wana wazimu, wanaita mtoto ndege.

Mimi sikucheka, na sitacheka. Mjaluo humpa mtoto jina la kilichokuwa kikitendeka. Akizaliwa mvua ikinyesha ni Akoth, usiku ni Atieno, barabarani ni Ayoo, wakati wa mavuno ni Akeyo, sawasawa na Nekesa wenu. Mama aliyejifungua wiki ile ndege ya Obama, mwana wa Kogelo, inatua, akiwa amelala kitandani anasikia redio na shangwe, alifanya alichofanya nyanya yake mvua ilipopiga paa. Kamchagulia mtoto saa yake. Mwenye kumcheka ana haki gani? Mbona akina Kennedy hakuna anayewacheka tena? Kwa sababu walisoma wakawa wakubwa. Hao watoto wa 2015 nao waacheni wakue.

Wa Ingo

Jaduong', umesema vyema. Nami niwatetee akina Chrispinus.

Kwenye vichekesho, mwigizaji akitaka kuonyesha mtu mjinga kutoka magharibi, kwanza anampa jina. Protus. Chrispinus. Patrobas. Wycliffe. Watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Haya majina yameletwa na nani? Wamisheni wa Mill Hill walituletea watakatifu wao, na Crispinus ni shahidi wa enzi za Warumi, msimamizi wa washona viatu. Patrobas yumo ndani ya Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Wycliffe ni Mwingereza aliyesimamia tafsiri ya Biblia, na kule Kaimosi, walikofika Waquaker mwaka 1902, kusoma Biblia ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Babu zetu walichagua majina ya wasomi na mashahidi. Kwingine wamisheni walileta John na Peter, majina mafupi, na hayo yakaonekana ya kawaida.

Nina neno pia kwetu wenyewe. Mbukusu anamcheka Mmaragoli, Mmaragoli anamcheka Mtiriki, na sote tukifika Nairobi tunakuwa "Mluhya" mmoja wa kuchekwa. Ninao ndugu wenye vyeo ambao kwenye kadi zao za kazi Wanyonyi imefupishwa ikawa W. Nafahamu kwa nini wanafanya hivyo. Inanihuzunisha kila nikiiona.

Shantel wa Rhonda

Nimesoma uzi huu kimyakimya tangu mwanzo na sasa lazima niandike.

Jina langu ndilo hilo ambalo mwalimu amelitaja la kwanza kwenye orodha ya Nyalenda. Nililelewa Rhonda, mama akiuza mitumba. Jina alilisoma kwenye jarida lililokuja ndani ya belo la nguo. Hakujua linatoka wapi. Alilipenda jinsi linavyosikika, akaamua kwamba kitu kizuri kama kile mtoto wake pia anaweza kuwa nacho. Hakuwa anamuiga mtu wa Milimani, hakuwafahamu watu wa Milimani. Alikuwa na miaka 19 na alitaka kunipa kitu ambacho hakijavaliwa na mtu mwingine.

Nimeshatuma barua za kazi. Nimeshakaa mbele ya meza ya mahojiano, aliyekuwa akiniuliza maswali akasoma jina langu, akamtazama mwenzake na kutabasamu. Nilijua pale pale maana ya lile tabasamu. Mtoto wa ghetto.

Mnaowatetea Nekesa na Chrispinus, nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini msifanye jina la nyanya kuwa ndilo pekee lenye heshima, halafu sisi tukabaki watu wa kusikitikiwa, kama tuliokosa asili. Kama ni saa ya kuzaliwa, Jaduong', basi saa yangu ilikuwa ile mama amefungua belo, akakuta lile jarida, na mimi nikaanza kupiga mateke.

Jaduong' wa Ahero

Binti yangu Shantel, hilo ni jina la Kijaluo kabisa kwa namna lilivyotolewa. Nyar Gikomba, binti wa soko la mitumba la Gikomba, wangekuita, kama ungezaliwa Nairobi. Mwambie mama nimemsalimia.

Mwalimu wa Chekechea, Kisumu

Shantel, mimi nina Shantel watatu darasani na nikisoma majina asubuhi nayasoma yote kwa sauti moja. Wewe umeniongezea sababu ya kuwabana wale wanaokisia mitaa. Nikipata ruhusa yako, nitawasomea ulichoandika.

Shantel wa Rhonda

Wasomee.

Binti wa Kimilili

Nimewasoma wote, nyingine nikimsomea mume wangu kwa sauti. Tumekubaliana. Nitasema hili kwa wifi, na nitalisema mbele ya mama mkwe ili lisigeuzwe: akiwa na sababu inayolihusu Nekesa na isiyolihusu Wambui, ailete mezani, na isiwe Waluhya wanafanya kazi gani kwa majumba ya watu. Asipokuwa nayo, tumuombee mtoto afya.

Shantel, umeuweka uzi huu mahali ambapo sikuufikisha mimi. Nicole si jina baya. Kama ningelipenda ningelitoa. Ninachokataa ni kulitoa ili kumficha mama yangu.

Swali la haraka kwa wanaojua: hospitalini wataniandikia jina papo hapo? Naogopa kuharakishwa nikiwa nimechoka, karani aandike anavyosikia.

Karani mstaafu, Bungoma

Mama, ukijifungulia hospitalini watajaza taarifa ya kuzaliwa na utapewa karatasi ya kuthibitisha. Ukijifungulia nyumbani ni kwa naibu wa chifu. Andika majina yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla hujaingia wodini, mpe baba watoto aishike, na msome tena kabla karatasi haijaondoka mikononi mwenu. Nimeona Nekesa akiwa Nikesa, Nanjala akiwa Najala, na kuja kurekebisha ni safari nyingi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachomfuata shuleni, kwenye mitihani na kwenye kitambulisho.

Mkikosea au mkibadili nia, sheria ya uandikishaji wa vizazi inawapa miaka miwili tangu kuandikishwa, kwa kulipa ada na kuleta ushahidi. Na kwa akina mama wanaolea peke yao wanaosoma hapa: tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la baba yake kwenye cheti. Karani akikwambia acha wazi, usikubali kirahisi.

Kijana wa Kaptembwo

Mzee karani, nina swali na nilikuwa nasita. Yule dada yangu niliyemwandika juu, wa majina mawili. Sasa yuko kidato cha tatu. Uzi huu tumeusoma pamoja. Anataka jina la nyanya yetu liingie kwenye majina yake kabla hajachukua kitambulisho. Mama mwanzoni alilia, kisha akakubali. Miaka miwili ilishapita zamani. Kuna njia?

Karani mstaafu, Bungoma

Ipo. Ni hati ya kubadili jina, inaandaliwa na wakili, inasajiliwa, kisha inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Kwa kuwa hajafikisha miaka 18, mzazi ndiye atakayemwombea, na yeye mwenyewe aonyeshe kwamba ameridhia. Msichelewe. Ingekuwa vizuri likamilike kabla shule haijapeleka majina ya mtihani wa kidato cha nne, la sivyo cheti cha mtihani kitatofautiana na kitambulisho na atapata shida chuoni.

Kijana wa Kaptembwo

Mama anauliza kama linaweza kukaa mwishoni, baada ya yale mawili aliyompa yeye.

Karani mstaafu, Bungoma

Linaweza. Mpangilio ni wenu. Bebeni cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama, na mwambieni wakili aandike tahajia mnayoitaka, herufi kwa herufi.